Kinacholainisha Maganda ya Ndizi

Mama yangu alianza kufuga nguruwe akiwa na miaka sabini na mbili. Alikuwa amehamia kwangu Nyanga, hapa Bukoba, baada ya baba kufariki, akamwachia kaka yangu kibanja chetu cha migomba kule Ijumbi, Muleba, na kukaa barazani bila kazi kulimshinda. Kufuga ng'ombe alikataa mwenyewe, akasema kwa hapa mjini majani ya kumlisha ni ya kutafuta kwa miguu. Akachagua nguruwe, majike wawili na dume mdogo, na nikamjengea banda nyuma ya mikahawa, miti yetu ya kahawa.

Chakula chao kilikuwa maganda. Kwetu ndizi zinamenywa kila siku, na majirani walikubali kumwekea mama maganda yao kwenye ndoo alizowagawia. Shida ilikuwa kwamba nguruwe walichagua. Walikula sehemu laini ya ndani, wakaacha ganda gumu la nje likirundikana bandani hadi wakawa wanalala juu yake. Mama akaanza kuyachemsha. Yalilainika, lakini sufuria moja ya maganda ilikula kuni za kupikia siku nzima, na macho yake hayakuupenda moshi.

Jumapili moja alirudi kutoka kanisani na habari. Katika kikundi chao cha akina mama wa Kilutheri kuna mmoja aliyesema maganda yakilowekwa na hamira, ile ya kuumulia maandazi, yanakuwa laini bila moto.

"Wewe ni mwalimu wa baiolojia," mama akaniambia kabla hata hajavua kitambaa cha kichwa. "Ni kweli?"

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikamjibu bila kuinua kichwa: "Ni kweli, Ma. Hamira ni kiumbe hai. Inatoa vimeng'enya vinavyovunja chakula chake. Itavunja na maganda."

Nilisema hivyo kwa uhakika kabisa. Nilikuwa nimefundisha sura ya vimeng'enya kwa miaka mingi, na kwenye mtihani swali la hamira huja mara kwa mara. Kesho yake mama alikata maganda, akajaza ndoo maji, akamimina hamira na sukari kidogo, akafunika na jani la mgomba.

Siku ya nne aliniita. Ndoo ilikuwa imetoa povu na ilinukia kama jikoni kwa mwoka mikate. Mama alichukua ganda moja, akalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha haukuingia.

"Haya," akasema. "Imekula nini hii hamira yako?"

"Imekula sukari, Ma."

"Sukari niliyoweka mimi?"

"Hiyo hiyo."

"Kwa hiyo imekula sukari yangu, ikaniachia maganda." Alilirudisha lile ganda ndani ya ndoo, akajifuta mkono kwenye kanga. Hakukasirika. Alinitazama tu kama anavyomtazama mtoto aliyejibu swali ambalo halikuulizwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha akasema, kama anayejisemea: "Kule Ijumbi maganda yaliyomwagiwa machicha ya rubisi yalikuwa yanalainika hadi yanameguka mkononi." Mara akanyamaza, akainuka, akaenda kuwafungia nguruwe.

Nilijua kwa nini amenyamaza. Mama hanywi pombe, na tangu kipaimara chake pombe haijawahi kuvuka lango la nyumba anayoishi. Machicha anayoyasema yalikuwa ya jirani yetu wa Ijumbi, mama Mkatoliki anayelingana naye umri, ambaye sisi watoto tulimwita mama mkubwa ingawa hatuna undugu wa damu. Huyu anapika rubisi, pombe yetu ya ndizi, tangu alipoolewa. Mabaki ya ndizi na majani yanayobaki baada ya kukamua na kuchuja ndiyo machicha, na alikuwa akiyamwaga kwenye lundo lile lile la maganda. Walikuwa marafiki, yeye na mama, wakilima pamoja na kuazimana chumvi, kila mmoja na kanisa lake.

Siku ya msiba wa baba, mama mkubwa alikuja na dumu la rubisi kichwani, kwa sababu kwao mtu haendi matangani mikono mitupu. Mama alikutana naye langoni, mbele ya waombolezaji. Akamwambia pombe haiingii humu, hata leo. Mama mkubwa akageuka na dumu lake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikauona mgongo wake ukiteremka njia ya migombani, na kwa kuwa nilikuwa na huzuni nyingine siku ile, sikumfuata. Hawakuwa wamesemeshana tangu hapo.

Kwa wiki nzima swali lile halikuniacha. Kama hamira ya dukani imeshindwa, ndani ya machicha kuna nini? Nilimpigia simu mwanafunzi mwenzangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi ya utafiti wa mimea mkoa mwingine. Nikamweleza habari ya ndoo. Akacheka.

"Hamira ya dukani imezoeshwa sukari vizazi na vizazi," akasema. "Haina kisu cha kukatia nyuzinyuzi za mmea. Lakini chachu si moja, ndugu yangu. Ziko aina nyingi mno. Zile za porini, zinazoishi kwenye maganda, kwenye magogo yanayooza, hata tumboni mwa wadudu, baadhi zina visu vyake."

"Na zinakulaje? Hazina mdomo."

"Zinatema. Zinatoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vinakata kile kilicho karibu, halafu zinanyonya sukari inayotoka. Na kila kimeng'enya kina kazi yake. Kuna cha kukata ile gundi inayoshikisha seli za mmea, pektini. Kuna cha kukata selulosi yenyewe, zile nyuzi. Mwenye kimoja si lazima awe na kingine."

Nilikata simu nikiwa nimesimama katikati ya uwanja wa shule. Kwamba kiumbe kidogo kiasi kile kinakula nje ya mwili wake, nilikuwa nimeliandika ubaoni mara nyingi bila kuliwaza.

Jumamosi nikapanda gari la Muleba. Sikumwambia mama ninakokwenda.

Nilimkuta mama mkubwa uani, ameinama juu ya obwato, ule mtumbwi wa mti wa kutengenezea pombe, anakanda majani na ndizi zilizoiva kwa viganja. Tulisalimiana kwa Kihaya, salamu zote, za mvua, za watoto, za kahawa. Akanipa kigoda. Kisha akauliza bila kuacha kazi:

"Mama yako ndiye aliyekutuma?"

"Hapana, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Nimejileta. Nataka machicha kidogo."

"Ya nini?"

Nikamweleza habari za nguruwe. Mikono yake ikasimama. Alinitazama, halafu akacheka, ila kicheko kilikatika njiani.

"Rubisi yangu haikuwafaa watu waliokuja kumzika mumewe," akasema. "Leo machicha yake yanawafaa nguruwe wake."

Nikasema pole, na nikasema kwamba siku ile ilinipasa kumfuata. Alirudi kwenye ndizi zake. Nilifikiri ndiyo basi, nikaanza kutafuta namna ya kuaga. Lakini baada ya muda akauliza, kwa sauti nyingine kabisa:

"Na hicho kitu unachokitafuta humu ndani, ni nini hasa? Maana mimi sijawahi kutia hamira. Naweka ndizi, majani, maji na unga wa mtama. Kesho yake inachemka yenyewe. Nimejiuliza siku zote nani anaiwasha."

Nikamwambia ninavyojua: kwamba chachu zinakuja na maganda, na mtama, na nyingine zimejificha kwenye nyufa za mti wa obwato wenyewe, zinangojea ndizi.

Alipitisha kidole kwenye ufa mmoja wa mtumbwi. "Marehemu mama mkwe alinikataza kuuosha kwa sabuni. Nikamuuliza kwa nini, akasema ukiuosha kwa sabuni unakuwa bubu." Akatikisa kichwa. "Wanaonekana kwa macho?"

"Kwa hadubini. Shuleni tunayo moja."

"Ukiwapata, utanionyesha."

Alinijazia ndoo ndogo ya machicha ya pombe iliyochujwa asubuhi ile, akaifunga kwa jani na kamba ya mgomba, na akanisindikiza hadi barabarani.

Nyumbani nilisimama na ndoo nje ya lango. Nilikuwa nimefikiria kuipitisha nyuma, nikaona aibu. Nikamwita mama.

"Ni nini hicho?"

"Ni machicha, Ma. Ya mama mkubwa."

Alikuja, akainama, akanusa. Nadhani alinusa vitu vingi kwa mara moja. "Haiingii," akasema. Nikaitika. Akatazama huku na huku, akaonyesha mkahawa mmoja ulio nje ya ua, upande wa barabara. "Weka pale. Pale si nyumbani kwangu."

Chini ya mkahawa ule tukapanga ndoo nne. Zote zilikuwa na maganda mabichi kiasi kilekile na maji yaliyochemshwa yakapoa. Ya kwanza haikutiwa kitu. Ya pili ilitiwa hamira. Ya tatu ilitiwa machicha vikombe viwili. Ya nne ilitiwa machicha pia, lakini niliyachemsha kwanza kwa dakika nyingi.

"Hii ya nne ya nini?" mama akauliza.

"Nataka kujua kama kinacholainisha ni kitu kilicho hai, au ni uchachu tu wa pombe."

Akaitazama ile ndoo kwa huruma kidogo. "Kwa hiyo hawa umewaua."

"Nimewaua."

Kila asubuhi kabla sijaenda shule nilimkuta amekwisha kufika pale, na ukucha wake. Siku mbili za kwanza hakukuwa na tofauti. Siku ya tatu alisema maganda ya ndoo ya tatu yanateleza. Siku ya tano alinyanyua ganda kutoka ndoo ya tatu, akalivuta pande mbili taratibu. Nyama ya ganda iliteleza ikabaki kati ya vidole vyake kama uji mzito, na nyuzi zikatoka nzima, ndefu, moja moja, kama za kusukia mkeka. Akaenda kwenye ya nne. Ganda lilikuwa limelegea kidogo tu na kubadilika rangi. La hamira na la ndoo isiyotiwa kitu yalikuwa magumu kama yalivyokuwa.

"Walio hai ndio wanaofanya," akasema polepole.

"Ndiyo, Ma."

"Lakini hizi nyuzi hawakuzigusa. Tazama." Alininyooshea nyuzi mkononi. "Wamekula kilichozishikilia, zenyewe wameziacha."

Nilipaswa kuwa nimelisema mimi. Mwenzangu alikuwa amenieleza kwenye simu, gundi ni kitu kimoja na nyuzi ni kitu kingine, lakini aliyeliona kwa macho, ganda likiwa mkononi, ni mama.

Siku ile nguruwe walipewa ndoo ya tatu. Walikula kila kitu pamoja na nyuzi, wakalamba sakafu. Mama alisimama mlangoni mwa banda hadi saa nne kuona kama watalewa. Hawakulewa.

Shuleni nilifanya jaribio lingine kwa ajili ya zile nyuzi. Nilikata vipande vya karatasi ya kuchujia ya maabara, ambayo ni selulosi karibu tupu, nikavisimamisha ndani ya mirija ya kioo yenye maji na chumvichumvi za kurutubisha. Mrija mmoja nikautia hamira, wa pili machicha, na wa tatu tope la shina la mgomba lililooza nyuma ya banda. Nikaziba kwa pamba. Wanafunzi waliuliza kila siku kama karatasi imekatika, na kila siku nikasema bado.

Na nikazitafuta chachu zenyewe. Nilichemsha mchuzi wa viazi na sukari, nikaugandisha kwa agari, unga wa mwani wa maabara, nikatia ndimu ili bakteria wasipende kukaa, kisha nikapaka tone la machicha. Baada ya siku chache yakatokea madoa yaliyoinuka, mengi ya rangi ya maziwa na machache yenye wekundu wa mbali. Nikachukua doa moja la rangi ya maziwa nikaliweka kwenye kipande cha ganda nilichokichemsha kuua kila kilichokuwamo. Kipande kilichowekewa doa kiliteleza. Kipande chake cha pembeni, kisichowekewa kitu, kililegea kwa ule moto wa kwanza na kikabaki hivyo.

Nikampigia mama mkubwa. Alifika Bukoba siku ya Jumanne, amevaa gauni la kwendea misa. Nilimpeleka maabara wakati wa mapumziko, nikamshushia kigoda, nikamwelekeza jinsi ya kufumba jicho moja. Ilichukua muda. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Halafu akawaona.

"Ni wa duara," akasema. "Huyu ana kidogo ubavuni."

"Anazaa. Kile kidogo kitakua hadi kiachane naye."

"Bila mume?"

"Bila mume."

Alicheka akiwa bado ameinama kwenye hadubini, mabega yakitikisika. Alitazama muda mrefu kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, sijui ni ya kukodoa au ni ya nini. "Miaka yote hii tunafanya kazi pamoja," akasema, "na hatujaonana."

Kisha akaufunga mkoba wake na kuuliza: "Na hao nguruwe wako wapi?"

Sikuwa nimempangia safari ya Nyanga. Nilitaka kumpigia mama simu nimwandae, lakini nikaona kwamba nikimpa nafasi ya kufikiri atapata la kusema. Tukaenda.

Mama alikuwa anakata maganda chini ya ule mkahawa wa nje. Alituona tukiwa mbali. Hakuinuka, ila kisu kilisimama. Mama mkubwa alifika, akasimama hatua chache kutoka kwake, akasalimu. Mama akaitikia. Mimi nikaanza kutafuta kitu cha kukalia.

Mama ndiye aliyeanza.

"Siku ile ya msiba," akasema, "nilikosea kukurudisha mbele za watu."

Mama mkubwa akaushika mkoba wake kifuani.

"Pombe ningeikataa. Hata leo ningeikataa. Lakini ningeichukua kutoka kichwani pako nikaiweka pembeni ya njia, halafu nikakushika mkono tukaingia. Nimelifikiria mara nyingi. Wewe nisingekurudisha."

"Nilileta kile nilichokuwa nacho," mama mkubwa akasema. "Na mumeo alikuwa kama ndugu yangu."

"Najua."

"Nililia njia nzima."

"Najua," mama akasema tena. Aliweka kisu chini, akasogea kwenye mkeka kumpa nafasi. Mama mkubwa akavua viatu vyake vya misa, akaketi, akachukua kisu kingine kutoka kwenye beseni, akaanza kukata maganda. Baada ya muda wakawa wanasema habari za watu wa Ijumbi, nani kazaa, nani kauza kahawa mbichi, nani kahama. Mimi nikarudi shule kufundisha kipindi cha mchana, na sikumbuki nilifundisha nini.

Tangu hapo mama mkubwa huja karibu kila mwezi, na mtu wa pikipiki hutuletea machicha katikati ya safari zake. Ndoo bado hukaa nje ya ua. Mama ana kipimo chake sasa, kikombe kimoja kwa ndoo, siku tano wakati wa jua na saba wakati wa mvua, na wenzake wa kikundi cha kanisani huja kuchukua mbegu kwake, yaani machicha ya kuanzia. Mmoja alimuuliza kama si dhambi. Alimjibu kwamba nguruwe hawajabatizwa.

Darasani nimebadilisha ninavyofundisha sura ile. Siwaambii tena wanafunzi kwamba hamira inavunja chakula, nikaishia hapo. Nawauliza ni hamira ipi, na chakula kipi, na ninawapitishia ganda mkononi wavute wenyewe.

Karatasi za kwenye mirija nazo zilinipa jibu, nusu yake. Ile ya hamira imesimama hadi leo. Ile ya machicha ilitoa vinyweleo kidogo pembeni, ikaishia hapo. Ile ya tope la mgomba ilikatika katikati ya wiki ya sita, mwanafunzi mmoja akiwa anaitazama, kipande cha chini kikazama taratibu. Nilipochungulia tone lake kwenye hadubini nilikuta msongamano wa vitu: bakteria, nyuzi za ukungu, na kati yao chachu ndefu ndefu ambazo sikuziona kwenye machicha. Aliyekata karatasi yumo humo, lakini sikuweza kumtambua.

Nikamtumia mwenzangu chupa mbili ndogo, moja ya machicha na moja ya tope. Alinipigia mwezi uliopita. Katika machicha amepata chachu za aina tatu, na mbili amezitambua. Ya tope bado anahangaika nayo.

Nilipowaeleza, wazee wangu wawili walikuwa wamekaa wanamenya ndizi za jioni. Mama mkubwa alitaka kujua kama hao watatu wanagombana humo ndani au wanagawana kazi. Mama aliuliza kama tumboni mwa ng'ombe nako wamo, maana ng'ombe anakula nyuzi na haachi kitu. Nikasema nadhani kazi kubwa kule inafanywa na bakteria, ila sina uhakika kama hamna chachu.

"Basi uliza," mama akasema, akanisogezea kisu.

Nimeandika swali lake kwenye daftari, na kesho nitapiga simu.